Bastola ya Meja Mosonik

Inspekta Phelis Kemuma alipiga magoti katikati ya chai ya watu, akaingiza mkono shimoni mpaka udongo ukamgusa kiwiko. Sketi ilikuwa imekwisha kuchafuka, na nyuma yake watu walijaa kama siku ya mnada wa ng'ombe, kila mtu na lake la kusema. Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Kipruto, mwana wa pekee wa marehemu Meja Kipngeno arap Mosonik.

"Hapo ndio ilikuwa, Madam. Chini ya chai ya Oketch. Vijana wangu walikuwa wanapita tu, wakaona udongo imechimbwa. Si nilisema? Kutoka siku ya kwanza nilisema!"

"Ulisema," Kemuma akajibu bila kugeuka.

Kweli alikuwa amesema, tena kwa kiapo. Mwanzoni mwa Julai hiyo ya 1996, majuma machache baada ya kumzika baba yake, Kipruto alifika kituo cha polisi cha Kaptebes akihema. Aliandikisha kwamba saa ya kukamua ng'ombe mtu alivunja dirisha la mama yake, akatoka na bastola ya marehemu. Yeye alipomkimbiza, mtu huyo aligeuka akampigia risasi iliyompita sikioni. Na mtu mwenyewe alimtambua: Joab Oketch, fundi mstaafu wa kiwanda cha chai, jirani yao tangu enzi. Joab alikamatwa jioni hiyo hiyo akila ugali kwake. Alipoulizwa hakukana wala hakukubali, alinyamaza tu. Akashtakiwa kwa wizi wa mabavu, na wizi wa mabavu, kila mtu Kenya anajua, hauna kifungo. Una kitanzi.

Kilichokosekana kwenye faili ni bastola, na sasa hiyo hapo, imefungwa kwenye mfuko wa mbolea, imelazwa juu ya gunia. Watu wa Kipruto walikuwa wameiinua kabla ya polisi kuitwa. Kemuma alikuwa amewafokea kwa hilo, nao wakamtazama kwa macho makavu.

Mkono wake ulitoka shimoni na konzi ya vijiti. Aliviweka kwenye mwanga. Vilikuwa vitawi vyembamba vya chai, majani yake yameanza kunyauka lakini ukijani bado haujatoka, na ncha zake zimekatwa kwa panga kali. Akachota tena. Sakafu yote ya shimo ilikuwa hivyo.

Kemuma alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba moja kubwa upande wa Kericho, mama yake akiwa mchumaji. Hakuhitaji kuelezwa kitu. Chai hupogolewa wakati wa baridi, na matawi yaliyokatwa huachwa papo hapo, yatandike ardhi. Shamba la Joab lilikuwa limepogolewa lote, mashina yamebaki uchi kufika magotini.

"Mama Monicah," akamwita mke wa Joab, aliyesimama peke yake kando, shuka imemkaza mabegani. "Hii chai ilipogolewa lini?"

"Juma iliyopita. Mzee alikuwa tayari seli. Nikasema nikingoja atoke, baridi itaisha. Wamama wa kanisa walikuja wakanisaidia."

"Kabla ya hapo, chini kulikuwa na matawi?"

"Matawi itoke wapi? Tulikuwa tumelima, kulikuwa safi kama uwanja."

"Madam," Kipruto akaingilia, "tumekuja kwa maneno ya bunduki ama ya chai?"

"Yote mawili yamekaa shimo moja," Kemuma akasema, akainuka. "Kipkemoi, tia hivi vijiti kwenye mfuko, andika tarehe na mahali."

Konstebo Kipkemoi, dereva wake na msaidizi wake, alivikusanya bila kuuliza. Alikuwa mtu wa hapo hapo, na watu wa hapo walikuwa wakimtazama kwa jicho la kumwuliza yuko upande gani.

Kemuma akatembea mpaka ukingo wa shamba, upande wa mto. Vigingi vipya vilikuwa vimepigwa ardhini, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya sarveya," Kipruto akasema. "Tunagawa shamba ya mzee. Kawaida."

"Na hii ekari ya Joab?"

"Ekari ya Joab iko na title? Baba alimwacha akae tu. Baba alikuwa na huruma mingi."

Alilitamka neno huruma kana kwamba ni ugonjwa uliomuua mzee. Kemuma akaichukua bastola, akaingia ndani ya Land Rover.

Mkuu wa Kituo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaribia kustaafu, na watu wa aina hiyo hupenda faili zilizofungwa.

"Bastola imepatikana, mwizi yuko seli, Jumatatu anaenda korti," akasema. "Unataka nini tena, Kemuma?"

"Nataka kujua mtu aliyefungiwa hapa kwako alichimbaje shimo shambani. Chini ya bastola kuna matawi yaliyokatwa yeye akiwa ndani."

"Mkewe alichimba. Alipata mzigo wa bwana yake nyumbani, akaogopa, akauzika. Hilo umefikiria?"

Kemuma alikuwa amelifikiria tangu akiwa magotini, na lilimkera kwa sababu halikuwa la kipuuzi. Vijiti vilithibitisha kwamba Joab hakuizika bastola. Havikuthibitisha kwamba hakuiiba.

"Funga hiyo faili," Mkuu akasema. "Kipruto anataka udiwani mwaka kesho. Ana watu. Usituletee makelele."

"Nitaifunga ikijaa, bwana. Sasa hivi ina shimo."

Mkuu akarudi kwenye gazeti lake. Hakumpa ruhusa wala hakumkataza, na Kemuma akachukua kile alichopewa, akajifungia ofisini mwake na Kipkemoi.

Ilikuwa bastola ya zamani, nzito, ile ya tumbo la risasi sita linalozunguka. Kwenye mpini kulipigiliwa kibati cha fedha, na juu yake maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba hii ni zawadi kwa Luteni K. arap Mosonik, kwa ushujaa wake majini, kutoka kwa kanali wake, 1966. Kipkemoi aliyasoma akaangua kicheko.

"Majini? Meja?"

"Kuna nini?"

"Madam, mimi nimekua karibu na boma yake. Meja alikuwa anavuka mto juu ya mgongo wa ng'ombe. Kukinyesha anazunguka mpaka darajani. Huyo mtu hakuwahi kuingia maji inayopita goti."

Kemuma aliirudia sentensi ya kibati polepole. Wanajeshi hawampi mtu bastola ya sherehe kwa utani. Mtu fulani aliingia majini mwaka huo, na hakuwa huyu aliyeandikwa jina.

"Joab alikuwa nani kabla ya kiwanda?" akauliza.

"Dereva wa jeshi. Alikuwa dereva wa Meja."

"Na kwao ni wapi?"

Kipkemoi aliacha kucheka. "Ziwani," akasema.

Kemuma akakivuta nyuma kinyundo cha bastola kwa kidole gumba, akitazame vizuri. Ncha ya kinyundo, ule mdomo mdogo unaoigonga risasi ikalipuka, haikuwapo. Ilikuwa imekatwa kwa tupa, ikalainishwa na kupigwa msasa mpaka mtu asiyejua angedhani imetoka kiwandani hivyo. Wala haikuwa kazi ya juzi. Mahali palipokatwa pamefanya weusi ule ule wa chuma kizima. Bastola hii haikuweza kumpiga mtu risasi sikioni wala mguuni, mwaka huu wala miaka mingi iliyopita.

"Twende seli," akasema.

Joab Oketch alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, shati limefungwa vifungo vyote kana kwamba anangoja ibada. Alikuwa mzee mrefu mwenye mikono mikubwa. Kemuma alivuta benchi akaketi karibu naye.

"Mzee, uliogelea mara ya kwanza wapi?"

Joab akainua uso. Tangu akamatwe walikuwa wamemwuliza madirisha na risasi. Hilo hakuulizwa.

"Kendu Bay," akasema. "Kwetu mtoto anaogelea kabla hajajua kusalimia wageni."

"Na Meja?"

"Meja!" Meno yakaonekana kwa mara ya kwanza. "Meja maji ikifika kwa goti anaanza kuomba."

"Basi kibati kinadanganya."

"Hayo ni maneno ya Meja, na Meja amelala. Kama unataka, uliza mama mwenye nyumba. Mimi sitoi siri ya rafiki yangu kwa seli."

Kemuma hakumshinikiza. Akaiweka bastola magotini mwa mzee, akaonyesha kinyundo. "Na hii? Kazi safi namna hii si ya fundi wa baiskeli."

Joab aliitazama kama mtu anayeona picha ya ujana wake.

"Ni mimi," akasema. "Karakana ya kiwanda, saa ya chakula. Meja aliniambia kata, nikakata."

"Basi kesi imekwisha! Kipruto ameapa alipigiwa risasi na bastola hii. Nikimwonyesha hakimu kinyundo, unatoka."

"Usimwonyeshe."

"Mzee, hiki ni kitanzi."

"Najua. Mimi si mtoto." Joab alisogeza miguu, akashusha sauti ingawa seli ilikuwa na wao watatu tu. "Sikiza, binti yangu. Tisini na mbili, wakati wa kura, vijana walikuja kutuchoma sisi watu wa kutoka nje. Unakumbuka vile ilikuwa, Londiani mpaka huku. Meja alichukua kiti, akakaa kwa gate yangu, hii bastola kwa mapaja. Wakaiona, wakarudi. Tangu siku hiyo hakuna mtu ameguza nyumba zetu hapa chini kwa mto. Mwaka kesho ni kura tena. Sasa wewe usimame kortini, uwaambie watu wote kwamba ile chuma ilikuwa bure? Kwamba vijana wa kijiji mzima walirudishwa na mchezo? Watasikia wamechekwa. Mimi nitatoka kwa mlango ule, na wao wataingia kwa mlango wa Monicah."

"Kwa hiyo utakubali wakunyonge?"

"Mimi nimezeeka. Wajukuu wangu wako pale chini wanalala." Akairudisha bastola mikononi mwa Kemuma, mpini mbele, kama askari. "Ukiniita shahidi, nitakataa. Nitasema sikuikata."

Kemuma alitoka seli akiwa na hasira iliyomfanya asahau kofia yake kwenye benchi. Alikuwa amekutana na washukiwa wanaosema uongo ili wasifungwe. Huyu alikuwa tayari kusema uongo ili anyongwe, na alikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuwa ya mjinga.

Mjane wa Meja, Mama Chepkurui, alikuwa ameketi ukumbini akisafisha vibuyu vya maziwa. Alichoma kijiti, akakiingiza ndani ya kibuyu kikiwa bado na kaa la moto, akakizungusha mpaka moshi ukatoka mdomoni. Katika maelezo yake kwa polisi alikuwa amesema jambo moja tu, kwamba alikuwa akikamua na hakuona mtu. Kemuma alishaona kwamba hakusema dirisha lilivunjwa.

"Chamgei, Kogo," Kipkemoi akamwamkua, akimwita nyanya kwa lugha yao.

"Chamgei mising. Mmekuja na bastola ya Joab?"

Kemuma akaiweka mezani, akakaa bila kukaribishwa. "Ya Joab? Kibati kinasema ya Meja."

"Kibati kilisema kile walichotaka kiseme." Mama akakiweka kibuyu kando. "Huko kaskazini kuna mto, laga wanaita. Asubuhi unapita na viatu, jioni imekuwa bahari. Gari ya kanali ilichukuliwa. Maofisa wote wakasimama ukingoni wakipiga makelele. Bwana yangu pia alipiga makelele, aliniambia mwenyewe. Dereva akavua viatu akaingia. Akatoka na mzungu kwa shingo kama mtu amebeba ndama."

"Joab."

"Nani mwingine? Halafu zawadi ikaja. Sasa bastola kama hiyo dereva hapewi, inapewa ofisa. Kipngeno akasema, si mimi. Wakamwambia, wewe ndiye mkubwa wa kikosi, sema asante upige saluti. Akapiga saluti." Alitikisa kichwa. "Hiyo saluti ilimkaa kooni mpaka akafa. Alipotoka jeshi akamwambia Joab, njoo ukae kwangu, hii ekari ya mto ni yako, na bastola ni yako, mimi nakuwekea tu. Joab hakutaka chuma. Chai alitaka."

"Na kinyundo kilikatwa kwa nini?"

Mama aliangalia mlango wa chumba chake, kisha akaweka kiganja kifuani.

"Kipruto alikuwa mdogo hivi. Aliingia chini ya kitanda, akaitoa, akanielekezea hapa. Akasema 'po!' huku anacheka. Ndani kulikuwa na risasi, na alikuwa amekwisha kukaza kidole. Sijui ni nini iliikwamisha, mimi nasema ni Mungu. Siku hiyo nilimwambia Kipngeno, kabla ya jua kuingia hii kitu imeng'olewa meno, ama mimi narudi kwa baba yangu. Joab akaing'oa. Kipruto hatukumwambia. Alikuwa analia, tukasema yaishe."

Kipkemoi akakohoa. Kemuma naye akaueleza ule ugumu wote, kwamba Joab amekataa kinyundo kitajwe kortini, kwa sababu hofu ya bastola ndiyo inayolinda nyumba za mtoni.

Mama Chepkurui alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akacheka hasa, mpaka akashika mbavu.

"Bastola iliwarudisha? Nani alisema?"

"Kila mtu anasema."

"Kila mwanamume anasema!" Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na mkanda mpana wa ngozi ulioshonwa shanga na simbi, ule mkanda anaovaa mama aliyezaa. "Pasta ametuambia mara ngapi tuchome hizi vitu. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini hii sikuchoma. Siku ile Kipngeno alikaa pale na chuma yake, na wao wakaendelea kuja. Kama nyuki tu. Walikuwa wamekunywa, hawakuwa wanaona bastola wala mtu aliyeishika. Nikatokea nyuma yake. Nikauvua mbele ya watoto wale wote, nikaulaza njiani. Wewe ni Mkisii, labda hujui. Mwanamume wa kwetu hauruki mkanda wa mama. Akiruka, ameruka tumbo iliyomzaa, na hakuna mtu atamsafisha. Wengine pale niliwazalisha na mikono yangu."

"Wakasimama."

"Wa kwanza kwa mstari akasimama. Akaangalia mkanda, akaniangalia mimi. Akarudi nyuma, na wengine wakamfuata." Aliukunja mkanda taratibu. "Wa kwanza kwa mstari alikuwa huyu wangu."

Ng'ombe mmoja akakohoa zizini.

"Lakini kijana gani ataenda sokoni aseme amerudishwa na mkanda wa mama mzee?" akaendelea. "Walisema bastola. Kipngeno naye hakukataa, alikuwa anapenda sifa kidogo, Mungu amlaze. Joab alikuwa amejifungia ndani na watoto, hakuona kitu. Wewe sema haipigi. Tangaza sokoni Bomet kama unataka. Hakuna mtu atakuja mtoni kwa sababu ya hiyo, maana hakuna mtu aliiogopa."

Kemuma alihisi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Kikwazo cha Joab kilikuwa kimeondoka. Lakini mbele yake kulibaki swali moja, na kati ya maswali yote aliyouliza mwaka huo, hili ndilo hakutaka kumwuliza mtu huyu.

"Kogo, kinyundo kitamtoa Joab kwenye risasi. Hakitamtoa kwenye wizi. Watasema alikuja bila kupiga, na mkewe akazika. Mimi nahitaji kujua ni nani aliitoa bastola chini ya kitanda chako."

Mikono ya mama ilirudi kwenye vibuyu, ikachukua kimoja kilichokwisha kusafishwa, ikaanza kukisafisha upya.

"Ninaye mmoja tu," akasema hatimaye.

"Najua."

"Hujui. Wewe ni mtoto bado."

Gari lilisimama kwa kishindo nje ya ua. Kipruto aliingia akiwa na funguo mkononi, akatazama kiti kwa kiti, akaona bastola mezani.

"Madam, sasa umekuja kumsumbua mama yangu? Mjane? Nitampigia D.O. simu."

"Mpigie. Lakini kwanza nisaidie jambo moja, na jua kwamba utakalosema Kipkemoi anaandika. Risasi iliyokupita sikioni ilitoka bastola hii?"

"Hiyo hiyo. Niliona kibati kinang'aa."

"Si nyingine?"

"Nimesema hiyo."

"Ichukue basi. Vuta kinyundo. Angalia mdomo wake."

Kipruto alikivuta kwa mkono wa mtu aliyezoea kuambiwa hodari. Akatazama. Akaigeuzia dirishani, akatazama tena, na shingo yake ikaanza kutoa jasho katika baridi ile.

"Imekatwa," akasema. "Oketch ameikata juzi, apate kusema hivi."

"Chuma kilichokatwa juzi kinang'aa. Hicho ni cheusi."

"Ilikatwa ukiwa mdogo," mama yake akasema kutoka kwenye kiti chake. "Ilikatwa kwa sababu yako. Ulinielekezea hapa."

Kipruto akaiweka bastola mezani pole pole. Akatafuta la kusema, akalipata, na lilikuwa baya zaidi kuliko kunyamaza. "Madam, mama yangu amezeeka. Tangu mazishi anachanganyikiwa. Maneno yake usiweke."

Mama Chepkurui alisimama. Hakuwa mwanamke mrefu, ila Kipkemoi, ambaye alikuwa mlangoni, alijikuta amevua kofia.

"Mimi nimechanganyikiwa? Andika, Kipkemoi. Andika na jina langu lote. Tulipomaliza kunyoa nywele za matanga, huyu aliingia chumbani kwangu. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda. Akainama hapa katikati ya miguu yangu, akavuta sanduku ya baba yake, akatoa bastola. Nikamwuliza unaipeleka wapi. Akaniambia, mama, naipeleka kwa mwenyewe." Sauti ilimkatika, akaifuata akaikamata. "Nilishukuru Mungu. Nilifikiri anampelekea Joab. Nilimwambia, mpelekee na maziwa. Na jioni hiyo hiyo nikasikia Joab amekamatwa, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo kwa sababu nilimzaa. Sasa nimechoka."

"Mama!" Kipruto akapiga meza, vibuyu vikaanguka. "Utanifunga kwa sababu ya Mjaluo? Mtu si wa hapa?"

"Joab hana haja nifunge mtu kwa ajili yake, amekubali kunyongwa mwenyewe, ulijua hilo? Ninakufunga kwa sababu yako. Ulikuwa umwache mzee anyongwe upate ekari moja ya chai iliyopogolewa. Nikikuacha, kesho utataka ingine."

"Utasema hivyo kortini? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, na wewe ukinitazama. Na ukitazama chini nitangoja uinue uso."

Kipruto aliutazama mlango. Kipkemoi alikuwa bado pale, kofia mkononi, hakusogea. Walikuwa wamekua pamoja, wameiba mahindi mabichi pamoja. Mwishowe ni Kipruto aliyenyoosha mikono, bila kuambiwa, na Kipkemoi akamfunga pingu akitazama pembeni.

Kemuma alimsomea makosa yake: kutoa habari za uongo kwa polisi, kula njama ya kumsingizia mtu kosa la kunyongwa, na mengine ambayo mwanasheria wa serikali angeyaongeza. Sauti yake ilikuwa imara. Aliifunga bastola ndani ya mfuko wake, akaandika nambari, akamwomba Mama Chepkurui aweke sahihi chini ya maelezo. Mama aliandika jina lake kwa herufi kubwa zilizonyooka, akarudisha kalamu.

"Joab anatoka leo?" akauliza.

"Nikifika kituoni ninampigia simu mwendesha mashtaka. Mkuu akikataa kumtoa, nitakaa mlangoni pa ofisi yake mpaka akubali."

"Vizuri. Ngojeni."

Aliingia ndani, akatoka amevaa sweta, kitambaa cha kanisani kichwani na viatu vyake vya kufungwa. Akafunga mlango, akatia ufunguo kifuani. Kipruto alikuwa ameshapakiwa nyuma ya Land Rover, kwenye benchi la chuma, kichwa kimeinama, na majirani wameanza kukusanyika kwenye ua.

Kipkemoi alimfungulia mama mlango wa mbele. "Kogo, kaa hapa na Madam. Huko nyuma ni kwa washitakiwa."

"Nani amekuuliza?"

Alizunguka gari. Kemuma alitaka kumshika mkono apande, lakini mama akaukwepa, akashika chuma mwenyewe, akapanda. Kipruto hakuinua uso. Mama alisimama juu yake, sweta limekaa vizuri, mbele ya macho ya kijiji kizima.

"Sogea," akamwambia mwanawe, "nikae."